Somo Lililokatwa: Historia Fupi ya Mafundisho ya Maadili Yanayotolewa Bure

Tulianza kwa nia njema. Sisi walimu wanne wa vijana katika usharika wetu tulikuwa tumechoka kufundisha maadili kwa karipio. Kila Jumamosi mchana tulisimama mbele ya vijana waliokwisha kupata kipaimara, tukawaambia wasiibe, wasidanganye, wasizini. Wakatuitikia, kisha wakaenda zao. Hatukuwa na kitabu cha kuwasaidia wafikiri. Vitabu vya falsafa ya maadili tulivyoviona mjini vilikuwa vya bei kubwa, na vingi viliandikwa kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Ndipo mmoja wetu alipopata katika intaneti mtaala mzima wa maadili, masomo tisa, uliotolewa bure na walimu wa nchi nyingine. Ulikuwa na ruhusa ya maandishi kwamba yeyote aweza kuunakili, kuutafsiri na kuubadili ufae mahali pake.

Tukachangiana bando, tukaupakua. Tulitafsiri kwa miezi minne, jioni kwa jioni, sebuleni kwa mmoja wetu. Kisha tukaenda duka la fotokopi, tukatoa nakala 40, tukazibana kwa pini. Akina mama wa usharika walilipia karatasi. Vijana walipokea vijitabu vile bila kutoa hata senti.

Juma la sita kijana mmoja aliinua mkono. Alikuwa amesoma mbele yetu, hadi ukurasa wa mwisho.

"Mwalimu," alisema, "hapa kuna somo la sita, kisha la nane. La saba liko wapi?"

Tulimjibu kwamba ni kosa la uchapaji. Haikuwa kweli. Somo la saba tulilikata wenyewe. Lilihusu wajibu wa mwenye madaraka: anayeshika fedha za wenzake ana deni gani kwao, na aliye chini yake afanye nini akiona hesabu hazisomwi. Mwaka ule usharika ulikuwa unaezeka kanisa, na hesabu za paa zilikuwa hazijasomwa mbele ya washarika kwa muda wa miezi sita. Hatukuwa na ushahidi wa ubaya wowote. Tuliogopa tu. Tukaambizana kwamba somo ni zuri lakini wakati wake bado, tukaruka hadi la nane, tukasahau hata kubadili namba.

Kwa hiyo tulifundisha ukweli katika somo la kwanza, na katika juma la sita tukamdanganya mwanafunzi. Jambo hilo lilitunyima raha. Tukaanza kusoma historia, tukitaka kujua wengine waliotutangulia katika kugawa mafundisho ya maadili kwa watu wasio na fedha walifanyaje. Walikata nini? Waliacha nini? Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika kwa ajili ya walimu wenzetu wanaoshika kazi hiyo hiyo.

Karatasi za ukutani

Tulianzia nyumbani kwetu, kwa Martin Luther. Mwaka 1528 alishiriki katika ziara za kukagua sharika za Saksonia, na aliyoyakuta yalimhuzunisha. Watu wengi wa vijijini hawakujua Amri Kumi wala Sala ya Bwana, na wachungaji wengi hawakuwa na uwezo wa kuwafundisha. Mwaka 1529 akatoa Katekisimu Ndogo. Sehemu zake za kwanza hazikutoka kama kitabu bali kama karatasi kubwa za kubandika ukutani, ili baba wa nyumba aweze kuwafundisha watoto na watumishi wake akiwa amesimama mbele yake.

Luther hakupokea malipo kwa maandishi yake. Hakimiliki kama tunavyoijua leo haikuwapo, na wapiga chapa wa miji mingine walikitoa upya chochote kilichopendwa. Alilalamika juu ya wale walioharibu maneno yake kwa haraka ya kupata faida, lakini njia ile ile ndiyo iliyoyafikisha mafundisho yake mbali kwa muda mfupi.

Jambo lililotugusa zaidi ni umbo la kitabu kile. Kila amri inafuatwa na swali linalouliza maana yake. Mtoto hapewi katazo tupu. Katika hesabu ya Kilutheri amri ya kutoiba ni ya saba, na Luther haikomeshi kwa mwizi wa kuku. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka ule ule anasema waziwazi juu ya wezi wakubwa wanaoketi katika viti vya heshima, ilhali wezi wadogo ndio wanaonyongwa. Tuliposoma hapo tulitazamana. Baba yetu wa imani hakuikata ya saba.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Jibu la kila swali lilikuwa limekwisha kuandikwa, na mtoto alitakiwa kulikariri. Na katika amri ya kuwaheshimu wazazi, Luther alipanua utii hadi kwa watawala wote, akamwachia raia nafasi finyu ya kuwahoji. Mwaka 1525, wakulima walipoasi, aliandika dhidi yao kwa ukali ambao hata baadhi ya rafiki zake ulishtua. Alifungua mlango wa swali, kisha akasimama mlangoni kuamua nani apite.

Vijitabu vya nusu peni

Kutoka hapo tulikwenda Uingereza. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester, mwenye gazeti aitwaye Robert Raikes alisaidia kuanzisha shule ya Jumapili kwa watoto waliofanya kazi siku sita kwa juma. Palikuwa na shule za namna hiyo kabla yake, lakini gazeti lake liliusambaza mfano ule. Watoto walijifunza kusoma, na walichosoma kilikuwa Biblia na katekisimu. Kwa maelfu yao hiyo ndiyo shule pekee waliyoijua.

Miaka tisa baadaye mwandishi Hannah More na dada yake Martha walifungua shule kama hizo katika kijiji cha Cheddar na vijiji vya jirani, mahali penye umaskini mkubwa. More alikuwa mwanamke wa imani ya kweli na mpinzani wa biashara ya watumwa. Mwaka 1788 alichapisha utenzi mrefu wa kuilaani biashara hiyo. Tunayataja haya ili yafuatayo yasije yakaonekana kuwa hadithi ya mtu mwovu.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa katika mapinduzi, na vitabu vya Thomas Paine juu ya haki za binadamu vilipita kwa bei nafuu mikononi mwa mafundi na vibarua wa Uingereza. Wenye mali waliogopa. Askofu wa London, Beilby Porteus, alimsihi More aandike jambo litakalosomwa na watu wa kawaida, naye akaandika. Kisha kuanzia 1795 hadi 1798 akaongoza mfululizo wa vijitabu na nyimbo vilivyouzwa kwa nusu peni, peni moja, au peni moja na nusu. Kufikia Machi 1796 zaidi ya nakala milioni 2 zilikuwa zimetoka. Nyingi zilinunuliwa na matajiri kwa mafungu, wakazigawa bure kwa maskini, hospitalini, magerezani na jeshini.

Vijitabu vile vilifundisha nini? Ukweli, kiasi, bidii, kutokulewa, kumcha Mungu. Ni mambo mema yote. Lakini vilifundisha pia kwamba maskini aridhike na mahali alipo. Mwaka 1795 nafaka ilikuwa haba na bei ya mkate ilipanda mno. Katika baadhi ya miji watu wenye njaa walifanya fujo. Mmoja wa nyimbo za More za mwaka ule uliwaonya kwamba nusu mkate ni bora kuliko kukosa kabisa, na kwamba ghasia hazileti chakula. Pengine ghasia kweli hazileti chakula. Lakini swali la pili, yaani nani aliyefungia nafaka ghalani akisubiri bei ipande, halikupewa wimbo wenye nguvu kama huo.

Na kulikuwa na sharti moja zaidi. Katika shule zake More alifundisha maskini kusoma, lakini kuandika hakuruhusu. Alilieleza jambo hilo mwenyewe mwaka 1801, tena kwa kujitetea, kwa sababu baadhi ya wenye mashamba na makasisi walimshambulia kwamba hata kusoma ni kuzidi. Fikiri hali ile, ndugu msomaji. Mtoto anapewa kijitabu bure. Anaweza kupokea maneno ya mwingine, ila hawezi kurudisha lake. Ni sikio lililofunguliwa, na mdomo ukaachwa umefungwa.

Lakini mwenye kusoma hachaguliwi cha kusoma maisha yake yote. Katika karne iliyofuata, wengi waliojifunza herufi katika shule za Jumapili walisoma pia magazeti ya vyama vya wafanyakazi, wakajifunza kuandika, wakaandika malalamiko yao. Waliowapa herufi hawakutarajia hayo.

Biblia yenye mapengo

Askofu Porteus tuliyemtaja anaturudisha kwenye kisa kilichotuuma kuliko vyote. Naye pia alipinga biashara ya watumwa, na alihubiri juu yake miaka mingi. Alikuwa kiongozi wa jumuiya iliyoundwa kwa ajili ya kuwafundisha dini watumwa wa visiwa vya Karibiani vilivyotawaliwa na Uingereza. Mwaka 1807, mwaka ule ule ambao Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa, kilichapishwa London kitabu chenye sehemu teule za Biblia kwa matumizi ya watumwa wa visiwa hivyo.

Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Kitabu kile kilikuwa na sehemu za sura 232. Takriban asilimia 90 ya Agano la Kale haikuwamo, na nusu ya Agano Jipya. Habari za Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake zilibaki, maana alitumika kwa uaminifu nyumbani mwa bwana wake. Amri Kumi zilibaki. Lakini habari za Musa mbele ya Farao, mapigo, na watu kutoka Misri, hazikuwamo. Maneno ya Yeremia dhidi ya mtu anayemtumikisha jirani yake bila ujira hayakuwamo. Mstari wa Wagalatia unaoondoa tofauti ya mtumwa na mtu huru ndani ya Kristo haukuwamo. Agizo la Waefeso kwa watumwa wawatii mabwana zao liliachwa mahali pake.

Waliokata walikuwa na sababu zao. Wenye mashamba wasingeruhusu mafundisho yoyote kama wangeona Biblia nzima, na wakataji waliona afadhali watumwa wapate nusu kuliko kukosa. Ilikuwa sababu ile ile ya nusu mkate. Na tukubali kwamba ilikuwa sababu yetu pia. Sisi nasi tulijiambia kwamba masomo manane ni afadhali kuliko tisa yatakayoleta mzozo hata yote yakapigwa marufuku.

Tofauti ni kwamba mwenye kupokea nusu mkate anajua ameshika nusu. Mwenye kupokea Biblia iliyokatwa hajui. Anafundishwa kwamba Mungu amenyamaza pale ambapo ni mchapaji aliyemnyamazisha. Hapo ndipo uovu wa jambo hili ulipo. Kitabu cha mafunzo lazima kichague, maana hakuna kitabu kinachobeba yote. Lakini waliokata kile kilichowahusu wao wenyewe wanakuwa wamejitoa katika hukumu ya somo wanalolifundisha.

Herufi mikononi mwa vijana wa Unguja

Kisha historia ilitufikisha pwani yetu. Mwaka 1864 Askofu William Tozer na Edward Steere wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza walifika Unguja. Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokamatwa kutoka katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa shule ya misheni, ambayo baadaye ilikuwa Kiungani, nje ya mji.

Steere alijifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza Waunguja. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha mwongozo wa lugha na kingine cha ngano za Kiswahili. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na vijana waliookolewa utumwani walijifunza kupanga herufi na kutoa kurasa. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, misheni ilianza kujenga kanisa pale pale, na Steere, aliyekufa mwaka 1882, amezikwa ndani yake. Kazi ya kutafsiri iliendelea baada yake, na kufikia mwaka 1891 Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilikuwa imekwisha kupigwa chapa.

Tulipoweka tarehe hizi sambamba tulisimama kidogo. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi mwaka 1897. Maana yake, kwa miaka kadhaa kitabu cha Kutoka kilisomeka kwa Kiswahili, kizima, pamoja na Farao wake na bahari yake, katika kisiwa ambacho mtu bado aliweza kuwa mali ya mtu. Kile kilichofichwa kwa watumwa wa Karibiani mwaka 1807 kilikuwa mezani pwani yetu kabla minyororo haijakatwa kwa sheria. Na baadhi ya mikono iliyofanya kazi katika mtambo ule ilikuwa imewahi kufungwa kamba.

Hatusemi kwamba misheni ilikuwa pepo. Wamishonari waliamua mambo mengi bila kuwauliza waliowaokoa, na nidhamu ya shule ilikuwa kali. Lakini kijana wa Kiungani alipewa kitu ambacho mtoto wa Cheddar alinyimwa: alipewa herufi zenyewe. Alijifunza kusoma, kuandika na kuchapa. Na kutoka katika watu wale walipatikana walimu, mashemasi, na mwaka 1890 padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, Cecil Majaliwa, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto mtumwa. Hakuishia kupokea mafundisho. Alikwenda bara, ng'ambo ya bahari, akafundisha watu wake Wayao kwa akili yake mwenyewe.

Vikundi vya chini ya mwembe

Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu tena kazi hii kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasomewa vitabu vilivyoandaliwa kwa ajili hiyo, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya walichokubaliana: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji.

Wengine watasema hiyo ilikuwa afya, si maadili. Sisi tunaona vinginevyo. Choo changu kikivuja kisimani kwako, hilo ni swali la jirani ni nani, na mimi nina wajibu gani kwake. Na mpangilio wa kazi ile una fundisho kwa kila mwalimu wa maadili. Kipindi cha redio hakikutosha peke yake, wala kitabu. Palihitajika watu walioketi pamoja, mmoja wao amepewa mafunzo ya kuongoza mazungumzo bila kuyameza, na mwisho wa mazungumzo palihitajika jembe. Mada zilipangwa kutoka juu, ni kweli, na kikundi hakikualikwa kuhoji sera yenyewe. Lakini mamilioni walizoea jambo moja: kusikia neno, kulipima kwa maneno yao wenyewe, na kulitenda.

Ruhusa ya kubadili

Sasa tunaishi katika wakati ambao nyenzo za bure zimekuwa kama mvua ya masika. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake wazi kwa dunia. Mwaka 2002, katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, nyenzo za namna hii zilipewa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita nyenzo huria za elimu, na mwishoni mwa mwaka huo zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons zinazomruhusu mtunzi kuwapa wengine haki ya kunakili na kubadili kazi yake. Mwaka 2009 mihadhara ya Michael Sandel wa Harvard juu ya haki ilianza kutazamwa bure popote penye intaneti. Huko Geneva shirika la Globethics, lililoanzishwa mwaka 2004, lina maktaba ya maadili inayosomeka bila malipo. Mwaka 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la kuziunga mkono nyenzo huria.

Kwa mwalimu wa usharika wa kijijini hii ni neema kubwa. Mtu mwenye simu na bando kidogo anaweza kusoma juu ya Aristotle, Augustine na Thomas wa Akwino, kitu ambacho zamani kilihitaji maktaba ya seminari. Na ruhusa ya kubadili ndiyo neema kubwa zaidi, maana mifano ya Boston haifai kila mara kwa vijana wetu. Mfano wa treni linaloelekea kuua watu watano tuliugeuza kuwa dereva wa basi dogo ambaye breki zimekatika mteremkoni, na mjadala uliwaka kwa saa nzima.

Lakini ruhusa iliyotuwezesha kugeuza treni kuwa basi ndiyo hiyo hiyo iliyotuwezesha kulikata somo la saba. Leseni haitofautishi mkono unaotafsiri na mkono unaoficha. Ina sharti moja dogo ambalo tulilipuuza: leseni tuliyopewa ilitutaka tumtaje mtunzi na tuseme wazi kama tumebadili kazi yake. Tulimtaja mtunzi. Hatukusema tumebadili. Laiti tungeandika mstari mmoja kwamba somo la saba tumeliondoa, kijana yule angejua ameshika nusu, na angetuuliza kwa nini. Bila shaka ndiyo sababu hatukuandika.

Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake watoe bure yale waliyoyapokea bure. Siku hizi agizo hilo husomwa kama habari ya bei. Baada ya safari hii ya historia sisi tunalisoma kwa namna nyingine pia. Wanafunzi wale hawakupokea nusu. Walipokea pamoja na maneno yaliyowakemea wao wenyewe: ugomvi wao juu ya nani mkubwa, usingizi wao bustanini, Petro kumkana Bwana mara tatu. Na walipotoa, walitoa na hayo. Injili zote nne zinasimulia Petro alivyomkana Bwana, ingawa Petro alikuwa mkubwa wao. Wangeweza kuikata habari ile, lakini waliiacha.

Somo la saba

Tulirudi kwa vijana Jumamosi moja ya mvua. Walikuwa 23 siku hiyo. Tulisema kwamba halikuwa kosa la uchapaji, kwamba tulilikata kwa hofu, na kwamba tumelileta. Kijana aliyeuliza hakuwapo. Tulikuwa tumemtumia ujumbe; hakujibu. Baadaye alituambia kwamba alijua tangu mwanzo tulidanganya, maana uso wa mwalimu aliyejibu ulimwambia. Alirudi darasani baada ya juma la tatu, na hatukumlaumu kwa kukawia.

Kabla ya hapo tulikuwa tumekwenda kwa wazee wa kanisa na mchungaji, tukawaonyesha somo, tukawaeleza kwamba tutalifundisha. Kikao kilikuwa kigumu. Mzee mmoja alituuliza kama tumetumwa. Mwingine, mtunza hazina mwenyewe, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba hesabu zimechelewa kwa sababu stakabadhi za mbao zimepotea naye aliona aibu. Zilisomwa Jumapili ya pili ya mwezi uliofuata, pamoja na pengo la stakabadhi zile. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mtu aliyeona aibu, na walimu wanne waliomwacha peke yake na aibu yake kwa kudhani wanamheshimu.

Tunawaandikia wenzetu wanaoandaa masomo ya maadili kutoka katika nyenzo za bure. Chagueni, maana muda ni mfupi na vijana wanachoka. Tafsirini kwa lugha inayosemwa nyumbani. Badilini mifano. Lakini kabla ya kupeleka karatasi duka la fotokopi, tazameni mlichokiacha, mkajiulize kama mmekiacha kwa sababu hakiwafai wanafunzi au kwa sababu kinawagusa ninyi. Kikiwagusa, kirudisheni. Na pale mnapolazimika kukata, andikeni kwenye jalada kwamba mmekata.

Vijitabu vyetu vya toleo la pili vina masomo tisa. Ukurasa wa mwisho tuliuacha mtupu, wenye mistari tu, na juu yake tuliandika: Somo la kumi, liandike wewe. Wengi wameuacha mtupu. Wachache wameandika, na mmoja wao ameuliza kwa nini walimu wote wa maadili katika usharika wetu ni wanaume. Hatujapata jibu zuri, na tumeamua tusilitafute peke yetu.